Mate ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku wodi ya wazazi hutulia kidogo, na hapo muuguzi anayekusanya mate ya vichanga huanza kazi yake. Taa kubwa haiwashi. Hunawa, husugua viganja mpaka vipate joto, kisha humwuliza mama kwa sauti ya chini amenyonyesha saa ngapi. Maziwa ya mama nayo yana kortisoli, ile homoni ya msongo inayotafutwa, kwa hiyo yakibaki kinywani huvuruga kipimo. Kama mtoto ametoka kunyonya sasa hivi, muuguzi hukaa na kungoja.

Wakati ukifika, kijiti chenye sponji ndogo hupitishwa pembeni mwa mdomo, kikalazwa kati ya ufizi na shavu. Kichanga wa siku mbili ana mate machache mno. Udenda bado sana. Lakini muuguzi hachokonoi. Huacha sponji pale pale mpaka ulimi wenyewe uje kuichunguza na midomo ianze kunyonya, naye huufuata mwendo huo kwa vidole viwili tu. Wako waliowahi kutumia kitu kichachu ili mate yatoke upesi, kumbe uchachu nao huharibu vipimo vya maabara.

Damu ingekuwa na jibu pia, ila kuchoma kisigino humshtua mtoto, na mshtuko hupandisha kile kile unachotaka kukipima. Nusu saa hivi baadaye kortisoli imejaa, nawe hujui tena ni ya usiku au ya sindano yako. Wala usidanganywe na ukimya. Mwaka 1984 Megan Gunnar na wenzake, huko Minnesota, Marekani, walichunguza vichanga waliokuwa wakitahiriwa: waliopewa chuchu bandia walilia kidogo kuliko wengine, lakini kortisoli yao ilipanda vile vile.

Ndiyo maana hufuatwa mate badala ya damu, tena hata usiku wa manane, kwa kuwa kortisoli hubadilika kwa saa. Kwa mtu mzima kortisoli huwa juu asubuhi anapoamka, ikashuka kutwa nzima hadi kufikia chini kabisa karibu na saa sita usiku. Kichanga hana mpangilio huo. Kwa wengine hupanda mara mbili kwa siku, kwa kupishana saa kumi na mbili hivi, bila kujali kumekucha au kumekuchwa. (Hapo mtu wa saa za Kiswahili hutabasamu: mtoto keshajua kuhesabu mpaka kumi na mbili, bado tu kujua jua linatokea wapi.) Mpangilio wa usiku na mchana huja baadaye, kwa wengine baada ya wiki chache, kwa wengine baada ya miezi, na huwezi kuuona kwa kipimo kimoja.

Mara nyingine sponji hutoka kavu. Mimi ningejaribu tena papo hapo, nikamwamsha. Muuguzi huandika "kavu" kwenye karatasi yake na kumwacha mtoto alale. Ikitoka na unyevu, huifungia kwenye kichupa, huiweka kwenye barafu na kuandika saa kamili: saa tisa na dakika kumi na nne, si saa tisa. Kwenye safu ya kilio anaandika: "Hakulia. Alipiga mwayo."