Manufaa kwa Nani? Uhakiki wa Modeli ya Ukubalifu wa Teknolojia katika Kazi za Pamoja

Kwa mujibu wa Davis (1989), mfanyakazi huikubali programu ya kompyuta kwa kuzingatia mambo mawili: manufaa anayoyatarajia katika kazi yake na wepesi wa kuitumia. Ubora wa modeli hii umo katika uchache wa vigezo vyake, ambavyo hupimika kwa hojaji fupi. Hata hivyo, humchunguza mfanyakazi kana kwamba anafanya kazi peke yake. Hupwaya inapohamishiwa kwenye programu za kazi za pamoja, ambazo manufaa yake kwa mmoja hutegemea yale ambayo wenzake wameyaandika humo.

Udhaifu huo unadhihirishwa na Orlikowski (1992), aliyechunguza namna programu ya Lotus Notes ilivyoingizwa katika kampuni kubwa ya ushauri. Programu ilikusudiwa kuwawezesha washauri kubadilishana maarifa. Lakini washauri hao walipanda vyeo kwa kushindana, na saa zao za kazi zilipaswa kulipiwa na mteja. Saa ya kujifunza programu haikuwa na mteja wa kuilipia, na aliyewagawia wenzake ujuzi wake alihofia kupoteza nafasi yake. Kusita kwao, basi, hakukuwa ukaidi. Ilikuwa hesabu ya watu wanaojua wanavyopimwa.

Venkatesh na Davis (2000) waliiongezea modeli kigezo cha msukumo wa kijamii. Nyongeza hiyo inafaa, ila haitoshi: inauliza watu muhimu kwa mfanyakazi wanamtaka afanye nini, haiulizi atapoteza nini akiwatii.

Orlikowski (1996) anatoa mfano wa upande wa pili. Katika kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya programu, wataalamu waliandika matatizo ya wateja katika mfumo uliojengwa juu ya Notes hiyo hiyo, na kumbukumbu zao zikazingatiwa katika tathmini ya utendaji. Baadaye walianza kupitia matatizo yaliyowakabili wenzao na kuwasaidia bila kuombwa. Matumizi hayo hayakupangwa tangu mwanzo. Yalibuniwa na watumiaji wenyewe.

Grudin (1988) alikwisha kutahadharisha kuwa programu za namna hii hushindwa pale anayetwishwa kazi ya ziada asipokuwa ndiye anayefaidika. Hojaji inayoishia kwenye manufaa na wepesi huweza kumbebesha mfanyakazi lawama inayoustahili mfumo wa tathmini. Kabla ya kuuliza kwa nini programu haitumiki, inafaa kuulizwa: nani anaandika, nani anafaidika, na jasho la mwandishi linahesabiwa wapi?