Samaki Bado Mbichi, Lakini Mkunjaji ni Nani?

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba methali haikamiliki maana mpaka tujue nani ameitamka, ameitamka wapi, na alikuwa anataka nini. Ipo methali moja inayotamkwa sana pembeni mwa viwanja vya mpira na katika sebule za wazazi: Samaki mkunje angali mbichi. Wengi wanaoitamka huko ni wasaka vipaji, watu wanaotafuta watoto wa kupeleka kwenye klabu, akademia na vyuo vya mbali. Insha hii inahakiki matumizi yao ya methali hiyo. Hoja yangu ni kwamba methali ya malezi imegeuzwa kuwa methali ya usajili, na anayebeba gharama ya mageuzi hayo ni mtoto wa miaka 13.

Nitaanza mbali, Marekani, kwa sababu huko tabia hii iliachwa ikue mpaka wenyewe wakashtuka. Mchezo wenyewe ni softiboli, ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi, uwanja ni mdogo, na mrushaji hurusha kwa mkono unaopita chini ya kiuno. Vyuoni huchezwa na wasichana. Chuo kinachomtaka mchezaji humpa ufadhili wa masomo, na kwa kuwa elimu ya chuo Marekani ni ghali, ufadhili huo ni jambo kubwa kwa familia. Makocha walianza kuwatafuta wasichana wakiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kocha mmoja akawahi mwaka mmoja, mwenzake akawahi miwili, na hatimaye wasichana wa miaka 13 na 14, ambao hawajaanza sekondari, wakawa wanatoa ahadi ya mdomo kwa chuo watakachojiunga nacho miaka minne au mitano baadaye.

Tuichunguze ahadi hiyo kama wanafunzi wa lugha. Kwetu ahadi ni deni. Huko ahadi ya mdomo haikuwa deni la mtu yeyote, kwa sababu karatasi yenye nguvu ilisainiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kocha angeweza kuhamia chuo kingine, msichana angeweza kuumia bega, au kubadilika mwili, au kuuchoka mchezo. Hata hivyo mtoto aliishi na neno lake kana kwamba ni kiapo, akaacha kujiuliza anataka kusoma nini na wapi. Mtu mzima alikuwa na mlango wa kutokea, naye mtoto akabaki na aibu ya kuvunja ahadi.

Waliolalamika hawakuwa wazazi peke yao. Makocha wa softiboli wenyewe walitaka sheria iwazuie, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kungoja huku mwenzake akiwahi. Mwaka 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilipitisha kwamba katika ngazi yake ya juu kocha wa softiboli asizungumze na mchezaji kuhusu kumsajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu kati ya minne ya sekondari, yaani msichana akiwa na miaka 16 hivi. Sheria hiyo inatufundisha kitu ambacho methali ya wasaka vipaji inakificha: haraka ile haikuwa ya mtoto. Ilikuwa haraka ya makocha wanaoogopana.

Softiboli haichezwi Kinindo. Mchezo ulio jirani nayo, besiboli, umeota mizizi Uganda, ambako timu ya watoto wa Lugazi mwaka 2012 iliweka historia ya kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka mmoja kabla yake, watoto wengine wa Uganda walikuwa wameipata nafasi hiyo, wakakosa viza kwa sababu ya utata wa nyaraka zao. Hapa kwetu anayetafutwa ni mcheza mpira wa miguu, lakini mambo hayatofautiani: umri mdogo, karatasi za kuzaliwa, ndoto ya familia nzima, na mtu mzima mwenye haraka.

Mtu wa namna hiyo aliwahi kufika nyumbani kwetu. Alimwona mdogo wangu akicheza, akaomba kuonana na mama. Alikaa vizuri, akanywa chai, akasema mtoto ana mguu wa kushoto usioonekana mara mbili. Alihitaji cheti cha kuzaliwa, picha mbili na saini. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa ya Kiingereza. Mama, aliyekulia Buyenzi na ambaye Kiswahili chake hakibabaishwi na mtu, alimwuliza, "Baba, huyu mtoto atalala wapi, na atasoma wapi?" Yule mgeni akajibu, "Mama, samaki mkunje angali mbichi. Ukichelewa atakauka." Mama akarudia swali lake. Mgeni akarudia methali yake.

Nimeifikiria methali hiyo mara nyingi tangu siku ile, na naona ina mambo matatu ambayo mgeni wetu aliyaruka.

La kwanza ni mkunjaji. Katika methali, anayemkunja samaki ndiye atakayemkausha, na ndiye atakayesimama karibu na moto mpaka kazi iishe. Methali imezungumza na mlezi, yaani mzazi, mwalimu, bibi, jirani. Haikuzungumza na mpita njia. Msaka vipaji anayemwona mtoto dakika 90 na kumpeleka kwa mtu mwingine hakunji samaki. Anamnunua akiwa mbichi ili amwuze akiwa mbichi. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina neno lake, nalo ni uchuuzi.

La pili ni kitenzi chenyewe. Kukunja ni kufunza umbo: adabu, bidii, kusoma, kusema kweli. Kuchagua ni jambo jingine. Sikilizeni msamiati wa matangazo yetu ya michezo: kipaji "kinasakwa", kijana "ananaswa", klabu "inamwahi", wakala "anamuuza". Vitenzi hivi vinatoka kwenye uwindaji na soko. Hakuna hata kimoja kinachotoka jikoni wala shuleni. Kuwatumia watu wazima vitenzi hivyo ni mtindo wa uandishi, nao wana mikataba yao na midomo yao ya kujitetea. Kumtumia mtoto ni kutuzoesha kumwona kama mali kabla hatujamwona kama mwanafunzi.

La tatu linatoka ziwani kwetu. Si kila samaki hukunjwa. Ndagala wa Tanganyika huanikwa walivyo, wamenyooka, na jua hufanya kazi yake. Anayejaribu kumkunja ndagala anapata vipande. Wako watoto ambao vipaji vyao hujitokeza mapema, na wako wanaohitaji kuachwa juani kwa muda wao. Methali haikusema samaki wote ni wa aina moja.

Historia ya michezo ya Burundi inaniunga mkono. Nchi yetu ina medali mbili za Olimpiki mpaka sasa. Ya kwanza ni dhahabu ya Vénuste Niyongabo, Atlanta 1996, katika mita 5000. Yeye alikuwa bingwa wa mita 1500. Akamwachia nafasi hiyo Dieudonné Kwizera, mkubwa wake aliyewahi kuwa mwanariadha wa Chuo Kikuu cha Nebraska, ambaye alikuwa amekosa Olimpiki zilizotangulia kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akaingia kwenye mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara chache mno, akashinda. Ya pili ni fedha ya Francine Niyonsaba, Rio 2016, mita 800. Aliposhinda ubingwa wa Afrika huko Porto-Novo mwaka 2012 alikuwa na miaka 19, na kabla ya hapo jina lake halikuwa likisikika nje ya nchi. Baadaye alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000 huko Zagreb. Mtu anayedai kusoma hatima ya mwanamichezo kwenye mguu wa mtoto wa miaka 13 atueleze angeisoma vipi hatima ya hawa wawili, ambao hata walipokuwa watu wazima walishangaza katika mbio zisizokuwa zao.

Msomaji mwadilifu atanipinga kwa jina la Edward Cheserek. Huyu aliondoka Kenya mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akapokelewa na shule ya sekondari ya St. Benedict's huko Newark, kisha Chuo Kikuu cha Oregon, na kufikia 2017 alikuwa ameshinda mataji 17 ya vyuo vya Marekani. Pingamizi hili ni zito na silikwepi. Lakini tuangalie alipelekwa wapi: shuleni, kwenye bweni na walimu na ratiba ya masomo. Swali la mama yangu lilikuwa limejibiwa kabla hajapanda ndege. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, uliweka darasa mbele zaidi: uliwatafuta wanafunzi bora wa Bonde la Ufa waliomaliza sekondari na kuwasaidia kuomba vyuo vikubwa vya Amerika Kaskazini. Boit mwenyewe, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alisoma Marekani akiwa mtu mzima na kurudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Wala sidai kwamba umri peke yake unatosha. Henry Rono alikuwa mtu mzima alipojiunga na Chuo Kikuu cha Washington State, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Baadaye pombe na ufukara vilimwandama kwa miaka mingi, kama alivyosimulia mwenyewe. Ikiwa mtu wa miaka 26 aliweza kupotea katikati ya sifa, tunamtegemea nini mtoto asiyejua kusoma mkataba?

Sheria ya mpira wa miguu inajua jambo hili. FIFA inakataza mchezaji kuhamishwa nchi hadi nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, na imeziadhibu klabu kubwa kwa kukiuka: Barcelona mwaka 2014, Real Madrid na Atlético mwaka 2016, Chelsea mwaka 2019. Moja ya masharti hayo linatuhusu sisi wa Bujumbura moja kwa moja: mtoto anayeishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo karibu na mpaka huohuo, mradi aendelee kulala kwao na vyama vya nchi zote mbili vikubali. Mtoto wa Kinindo anaweza kuchezea Uvira akarudi kula chakula cha jioni kwa mama yake. Katika sheria yote hiyo, sharti hilo la kulala nyumbani ndilo lililo karibu zaidi na methali yetu.

Sheria hiyohiyo inasema kwamba mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake kuisha, sehemu ya fedha, asilimia 5, hugawanywa kwa klabu zilizomfunza tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Hata soko limekiri kwamba malezi yana thamani na yana wenyewe. Lakini klabu ndogo ya mtaani isiyoandika majina ya watoto wake na tarehe walizojiunga haitaweza kudai hata senti. Daftari la kawaida, lenye mistari na kalamu ya buluu, linaweza kuilinda klabu kuliko hotuba.

Hapo ndipo naona kazi yetu wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Tuhakiki pia karatasi zinazoletwa sebuleni. Mkataba wa mtoto ukiletwa kwa Kiingereza au Kifaransa kwa mzazi anayeongea Kirundi na Kiswahili, tafsiri yake si hisani, ni haki. Tunaweza kuitafsiri. Tunaweza kumwambia mzazi kwamba neno "atajitahidi" katika mkataba halimfungi mtu, na neno "atalipa" linamfunga. Tunaweza kuwaomba watangazaji wetu wasiseme mtoto "amenaswa".

Na methali tuirudishe kwa wenyewe. Anayesema samaki mkunje angali mbichi, tumwulize moto wake uko wapi, na atakaa hapo mpaka saa ngapi. Akishindwa kujibu, mama zetu wana methali nyingine iliyo tayari: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika hiyo hakuna neno linaloweza kusomwa kama bei.