Bisibisi Sikioni

Gari likiingia gereji likilia upande wa mbele, fundi makanika aliyekomaa hakimbilii spana. Anaiacha injini ingurume, anachukua bisibisi ndefu, anagusisha ncha yake kwenye bodi ya alteneta, kisha anainamisha kichwa na kubana mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mkono wa pili umeshikilia shati lisinaswe na mkanda. Anatulia kidogo, anahamia pampu ya maji, halafu puli ya kukazia mkanda. Beringi nzima inavuma sauti moja, laini, isiyobadilika. Iliyokaukiwa grisi inakwaruza kama mchanga chini ya kandambili. Akiinuka hapo anajua kipi kinatoka, na mwenye gari ameepuka kununua alteneta ambayo haikuwa na kosa lolote.

Hewani milio yote ya injini huchanganyikana, ukashindwa kujua upi umetoka wapi. Chuma hubeba sauti ya pale kilipogusa, tena kwa kasi ya takriban kilomita 5 kwa sekunde, wakati hewani sauti hiyo huenda mita kama 340 tu. Mfupa wa kichwa huipokea na kuifikisha ndani ya sikio. Kiwandani bisibisi ilitengenezwa kwa ajili ya skrubu. Fundi ameiona ilivyo, fimbo ya chuma iliyonyooka yenye ncha ndogo huku na mpini huku, akaitumia hivyo. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec, akiwa Paris, alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani mwa mgonjwa na kuusikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Leo kifaa kilichozaliwa na karatasi ile kinaning'inia shingoni mwa madaktari dunia nzima, na Laennec anasomwa vitabuni. Makanika wa bisibisi tunamwita mjanja, tunamlipa, tunaondoka.

Sifa hiyo inampunja. Tumezoea kuueleza ufundi wa aina hii kwa umaskini: hana kifaa, basi amebuni. Uhaba upo, sikatai. Lakini wenye uhaba ni wengi, na si kila mmoja wao anaweza kusikiliza beringi kwa bisibisi. Kinachomtenga fundi na sisi wengine ni kwamba anaijua tabia ya kitu: ugumu wake, uzito wake, kinavyopinda na kurudi, kinavyopitisha sauti na joto. Hiyo ni elimu, hata kama haikuandikwa ubaoni.

Nenda Kamukunji, Nairobi, ambako masanduku ya shule, majiko na wilibaro hufuliwa kwa mkono na makelele ya nyundo hayakatiki tangu asubuhi. Utakuta fuawe iliyokatwa kutoka reli. Chuma cha reli kina kaboni kiasi cha asilimia 0.7 na kimeundwa kubeba mabehewa mazito bila kubonyea, kwa hiyo nyundo haikisumbui. Hilo hata mpita njia anaweza kulikisia. Asilolikisia ni namna ya kukiweka. Ukikilaza kama kilivyokuwa kimelala njiani mwa treni, kiuno chake chembamba kinacheza, pigo linarudi mkononi na nguvu inapotea. Kwa kazi nzito, fundi anayejua anakisimamisha wima, anakizika kwa chini kisitikisike, na kupigia juu ya ncha iliyokatwa. Uso wa kufulia umekuwa mdogo, lakini uzito wote wa reli sasa uko chini ya nyundo, na chuma chekundu kinatii.

Tindo nazo hutoka kwenye springi za lori. Bapa la springi limezaliwa kupinda na kurudi mara zisizohesabika, na chuma chake kinashika makali. Fundi analikata, analifua, anatengeneza ncha, kisha anaipasha moto hadi iive nyekundu na kuizamisha kwenye oili chafu. Ikitoka hapo ni ngumu mno, ukiigonga itamegeka. Kwa hiyo anaisugua mpaka ing'ae, anaipasha tena polepole, akianzia nyuma kidogo ya makali, na kutazama rangi zikitembea kuelekea ncha: manjano hafifu kwanza, halafu hudhurungi, zambarau, buluu. Manjano hiyo ni kama nyuzi 230 za Selsiasi. Buluu inakaribia 300. Tindo ya kukatia pipa anaidaka kwenye zambarau, anaizamisha, imekwisha. Kipimajoto hana. Ana macho yake, na ana kivuli, maana juani rangi hizo hazionekani sawasawa. Mafundi wa jua kali wenyewe, kazi hii moja huihamishia kibandani.

Waashi wana mpira wa maji, na huo nao unastahili kutazamwa kwa makini. Mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ukijazwa maji, unakupa usawa wa kona nne za msingi hata kama kona hazionani kwa sababu ya lundo la mchanga katikati. Ila una masharti. Kiputo kimoja kikinasa ndani, kipimo kimeharibika. Ncha zote mbili lazima ziwe wazi; niliwahi kumsikia mwashi akimpigia kelele kibarua wake aliyesahau dole gumba juu ya ncha: "Toa kidole, kijana, maji yapumue!" Na kama upande mmoja wa mpira uko juani na mwingine kivulini, maji yaliyopata joto ni mepesi na husimama juu kidogo, basi ukuta nao utafuata kosa hilo. Mwashi mzuri anausogeza mpira wote kivulini, anasubiri, ndipo anaweka alama.

Na mafundi haohao ndio wakali kuliko wote kuhusu mipaka ya kukitumia kitu kwa kazi ambayo hakikutengenezewa. Tupa ina kaboni inayozidi asilimia 1. Ni ngumu sana na haipindi. Mwanagenzi akiitumia kubandulia kitu, au akiigonga kwa nyundo kana kwamba ni tindo, inapasuka na vipande vinaruka usawa wa macho. Fundi atampokonya. Lakini tupa hiyohiyo ikishachakaa, ataichoma hadi iwe nyekundu, ataifukia kwenye majivu ipoe usiku kucha, na asubuhi ataifua iwe kisu kitakachokaa jikoni miaka mingi. Vivyo hivyo haruhusu kugonga uso wa nyundo kwa nyundo nyingine, kwa sababu nyuso zote mbili ni ngumu na moja itamegeka. Ujuzi unaomruhusu kuvunja matumizi ya kiwandani ndio unaomwambia wapi asithubutu.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti. Ni jambo jema, na natamani liende pande zote mbili. Mwanafunzi aliyemaliza chuo naye apewe bapa la springi, nyundo na makaa, bila maelekezo, atoe tindo. Kisha tindo hiyo ikate pipa mbele ya watahini, na baadhi ya watahini hao wawe wametoka kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mikono yao ina masizi.