Mzuka, Mzimu na Pepo: Juu ya Kupanga Filamu za Wafu Wanaorudi

Vitabu vya kuongoza watazamaji wa filamu za kutisha ni vingi, na karibu vyote hupangwa kwa namna moja, yaani kwa miaka kumi kumi. Mwandishi huanza na zama za filamu zisizo na sauti, akapita miaka ya 1930, akaja miaka ya 1940, na kuendelea hivyo mpaka afike siku zetu. Chini ya kila kipindi huandika majina ya filamu zilizosifiwa, majina ya waongozaji, na maneno machache ya kueleza hadithi. Mpango huu una faida yake, kwa kuwa atafutaye filamu ya mwaka fulani huipata upesi. Walakini una kasoro kubwa: hutia katika kapu moja viumbe wasiofanana, na msomaji hutoka akijua filamu ipi ilitangulia ipi, asijue kwa nini moja yadumu moyoni na nyingine husahauliwa kabla taa hazijawashwa.

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha ya kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutenga viumbe hao, na kwamba maneno hayo hayafai kwa tafsiri peke yake. Ni mizani ya kupimia filamu zenyewe.

Tuyaangalie maneno matatu. La kwanza ni mzuka, litokalo katika kitenzi kuzuka, yaani kutokea kwa ghafula pasipo kutazamiwa. Neno hili hueleza namna ya kuonekana, wala halisemi aonekanaye ni nani wala ataka nini. La pili ni mzimu. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, na pia ni mahali watu waendapo kuweka sadaka na kuomba. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna habari ya haki na wajibu baina ya wazima na wafu. La tatu ni pepo, ambaye hakuwa mtu kamwe. Pepo ana jina lake, hupanda kichwani mwa mtu na kumfanya kiti chake, na dawa yake ni kupungwa. Basi mzuka huonekana, mzimu hudai, na pepo huingia. Mwandishi atumiaye neno moja kwa wote watatu amekwisha poteza nusu ya jambo kabla hajaanza.

Tuanze na Sweden. Tarehe 1 Januari, 1921, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya Victor Sjöström iitwayo Körkarlen, iliyotokana na kitabu cha Selma Lagerlöf cha mwaka 1912. Hadithi yake ni kwamba mtu afaye wa mwisho katika mkesha wa mwaka mpya, kabla saa haijagonga sita ya usiku, hupewa kazi ya kuendesha gari la Mauti mwaka mzima na kukusanya roho za wafu. Ajali hiyo yampata David Holm, mlevi aliyewatesa mkewe na watoto wake. Sjöström mwenyewe ndiye aliyemwigiza. Mpiga picha Julius Jaenzon alipitisha ukanda mmoja katika kamera zaidi ya mara moja, hata gari na farasi wake waonekana kama moshi, na vitu vilivyo nyuma yao vyaonekana kupitia miili yao.

Vitabu vingi husifu ufundi huo na kukoma hapo, kana kwamba Körkarlen ni filamu ya mzuka. Lakini uzito wake hauko katika moshi. Uko katika hesabu anayosomewa David Holm: alivyomtendea mkewe, na alivyomtendea yule dada wa Jeshi la Wokovu anayekufa kwa kifua kikuu. Hapa maiti mwenyewe ndiye mdaiwa. Anaporudishwa mwilini ili awahi kumzuia mkewe asijiue pamoja na watoto, twatetemeka kwa sababu deni laweza kulipwa, na muda umebaki kidogo.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kutushika. Katika Marekani mtindo ulikuwa ni kutangaza mzuka na kisha kuufunua kuwa ni binadamu mwenye hila ya kutaka urithi, kama katika The Cat and the Canary ya 1927, iliyotengenezwa tena mwaka 1939. Au wafu walifanywa kuwa watu wa mzaha, kama katika The Ghost Goes West ya 1935, iliyotengenezwa Uingereza, na Topper ya 1937. Filamu hizi huchekesha, na kuchekesha si dhambi. Lakini ndani yake mfu hana dai lolote zito juu ya mzima.

Mabadiliko yaonekana mwaka 1944 katika The Uninvited, iliyoongozwa na Lewis Allen kutoka kitabu cha Dorothy Macardle. Ndugu wawili, mume na mke, wanunua nyumba juu ya jabali katika pwani ya Uingereza, na usiku wasikia kilio cha mwanamke. Watu wote wadhani mfu ni mmoja, naye ni mama yake msichana aitwaye Stella. Mwishowe yajulikana kuwa wafu ni wawili, na yule aliaye kwa huruma ndiye mama wa kweli, ambaye umama wake ulifichwa. Mwongozaji angeweza kuridhika na mizuka miwili. Badala yake alimpa mmoja dai la mzimu, yaani kutambuliwa na mtoto wake. Na mara Stella amjuapo mama yake, kilio chakoma. Msomaji wa kitabu cha kuongoza hataliona jambo hili akiambiwa tu kwamba filamu ni ya nyumba yenye mashetani.

Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1949, Bombay ilitoa Mahal, filamu ya kwanza kuongozwa na Kamal Amrohi, nayo yafaa kusemwa katika jarida hili kwa kuwa filamu za Kihindi zilikuwa na watazamaji wengi katika majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Kijana aliyeigizwa na Ashok Kumar aingia katika jumba kuukuu, aona ukutani picha ya mtu anayefanana naye sawasawa, na kusikia sauti ya mwanamke ikiimba gizani. Baadaye yabainika kwamba mwanamke huyo, aliyeigizwa na Madhubala, si mfu. Ni binti wa mtunza bustani. Kwa ufunuo huu Mahal yafanana na The Cat and the Canary, na mtu wa pupa ataziweka pamoja. Lakini matokeo ni mbali kabisa. Katika filamu ya Marekani hila ikifunuliwa mambo hutengemaa. Katika Mahal, kijana amekwisha mpenda mfu, na kujua kwamba hakuna mfu hakumponyi. Mzuka ni wa uongo, na maangamizi ni ya kweli.

Filamu iliyo bora kuliko zote katika orodha hii, kwa maoni yangu, ni Ugetsu Monogatari ya Kenji Mizoguchi, ya mwaka 1953. Ndani yake wamo wanawake wawili waliokufa, na tofauti yao ndiyo roho ya filamu. Genjuro, mfinyanzi, aacha mkewe na mtoto wakati wa vita ili akauze vyungu mjini. Huko avutwa na Bibi Wakasa, mwanamke wa nyumba ya kifalme iliyoteketezwa, ambaye alikufa kabla ya kuonja mapenzi na sasa ataka kulipwa kutoka kwa mume wa mtu mwingine. Kuhani amwandika Genjuro maandiko matakatifu mwilini ili yule bibi asimguse. Msomaji wa pwani, aliyezoea habari za kombe na hirizi, hatastaajabu.

Kisha Genjuro arudi kwao. Aingia ndani, na nyumba ni tupu, jiko baridi. Apita nje akizunguka, na kamera yamfuata bila kukatizwa; arejeapo mlangoni, moto unawaka na mkewe Miyagi ameketi akimngojea. Amlaki, amlisha, amlaza, na usiku kucha ashona nguo. Asubuhi mzee wa kijiji aja kumtafuta mtoto, na kumbe Miyagi aliuawa zamani na askari. Mizoguchi hakutumia moshi wala mwili wa kupenya macho. Wakasa ni mzimu adaiye kisicho chake. Miyagi ni mzimu mwenye haki ya kudai kila kitu, naye hadai neno. Kwa hiyo ndiye atuumizaye zaidi.

Hapa yaweza kuulizwa: je, filamu isiyosema kama mfu yupo au hayupo ipimwe vipi? Mifano mikuu ni miwili, nayo yote yalitengenezwa Uingereza. Wa kwanza ni The Innocents ya Jack Clayton, ya 1961, kutoka hadithi ya Henry James ya mwaka 1898. Wa pili ni The Haunting ya Robert Wise, ya 1963, kutoka kitabu cha Shirley Jackson cha 1959. Katika ule wa kwanza mwalimu wa watoto amwona mwanamke mfu akisimama katika matete ya ziwa, mbali, mchana kweupe, na hatujui kama kuna mwingine amwonaye. Katika ule wa pili hakuna mfu aonekanaye hata mara moja. Mlango wa mbao wafura kama kifua kivutacho pumzi, na Eleanor ashika mkono gizani, kisha agundua ya kwamba mwenzake alikuwa mbali naye.

Kiswahili kina jambo la kutufunza juu ya filamu hizi mbili. Mzimu, kuzimu na wazimu ni maneno ya mzizi mmoja. Mazungumzo ya wahakiki wengi ni mabishano ya kutaka kuchagua: ama wafu wapo, ama mwanamke ana wazimu. Lugha yetu haikuona haja ya kuyatenga mambo hayo kwa ukuta. Mwenye wazimu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefikiwa na wale wa kuzimu. Eleanor amemwuguza mama yake miaka mingi, na usiku wa kufa kwake hakuitikia mama alipogonga ukuta. Sasa nyumba yamgongea kuta. Kuuliza kama kishindo kimo ukutani au kichwani mwake si kuuliza swali lililo zito. Swali zito ni nani amdaiye, na jibu lake liko wazi tangu mwanzo.

Mizani hii husaidia pia katika kutoa yasiyostahili kuwamo. The Exorcist ya 1973 huwekwa mara nyingi pamoja na filamu hizi. Lakini aliyempanda yule mtoto si mfu wa mtu yeyote. Ni pepo, na kazi ya mapadri ni kumpunga. Filamu ile yaweza kuwa nzuri, bali ni ya mlango mwingine.

Mfano ulio bora wa kuonyesha faida ya kulinganisha kwa dai badala ya mwaka ni visima viwili. Katika The Changeling ya Peter Medak, ya mwaka 1980, mtunzi wa muziki aliyefiwa na mkewe na bintiye akaa katika nyumba kubwa, na mtoto aliyeuawa humo na baba yake, ili nafasi yake ishikwe na mtoto mwingine mwenye afya, amwita kwa vishindo. Mifupa yapatikana katika kisima kilichozikwa chini ya sakafu. Katika Ringu ya Hideo Nakata, ya mwaka 1998, mwanamke atafuta chanzo cha ukanda wa video uuao watazamaji wake kwa siku saba, naye pia afika kisimani, na kuitoa maiti ya Sadako ili izikwe kwa heshima. Kwa desturi ya hadithi hizi, deni lingekwisha hapo. Halikwisha. Sadako atoka katika kioo cha televisheni na kuua tena, na njia pekee ya kuokoka ni kunakili ukanda na kumwonyesha mtu mwingine. Nakata alijua vema kwamba twatazamia mzimu aridhike kwa kuzikwa, akatumia matazamio yetu kutushtua. Mtu asiyejua sheria ya mzimu hawezi kuona jinsi sheria hiyo ilivyovunjwa.

Mwisho kuna The Others ya Alejandro Amenábar, ya mwaka 2001. Mama na watoto wake wawili, katika kisiwa cha Jersey mwaka 1945, waogopa wageni waingiao nyumbani mwao bila kuonekana. Kumbe wao ndio waliokufa, na wageni ndio wazima. Mzunguko umetimia: sasa mzima ndiye mzuka machoni pa mfu. Hata hivyo hila hii isingekuwa na nguvu kama mama yule hangekuwa na deni lake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewaua watoto wake.

Yawezekana mtu akapinga, akisema ya kwamba maneno mzimu na pepo yamefungamana na imani za Afrika ya Mashariki, na kuwatumia Waswidi au Wajapani ni kuwavika nguo isiyo yao. Hoja hii yastahili heshima. Lakini sisemi kwamba Miyagi ni mzimu kama ule upelekewao sadaka chini ya mbuyu. Nasema kwamba maneno haya yana maswali ndani yake, na maswali hayo huvuka bahari bila taabu: Nani amerudi? Adai nini, na kwa nani? Je, adaiwaye aweza kulipa?

Basi atakayeandika kitabu cha kuongoza watazamaji kwa Kiswahili asitosheke na kutafsiri orodha za miaka. Mwaka na auandike, maana historia haina budi kujulikana; lakini chini ya kila jina la filamu aeleze kwanza dai la mfu. Akilikosa dai, na aandike mzuka, apite. Akiliona, na asimame hapo kwa kitambo, kwa kuwa ndipo kazi ya mhakiki ianzapo.