Gari Dogo na Tela Lake

Kando ya ziwa la Bodensee, kusini mwa Ujerumani, nilimwona mzee amechuchumaa nyuma ya gari dogo la familia. Alikuwa ameweka mizani ya bafuni chini, juu yake akasimamisha kipande cha mbao, na juu ya mbao akakalisha mdomo wa tela. Akasoma. Akaingia ndani ya tela, akahamisha kreti ya maji kutoka mbele hadi juu ya ekseli, akatoka, akasoma tena. Majirani zake, wenye gari kubwa na karavani kubwa zaidi, walikwisha kung'oa nanga bila kupima chochote.

Mzee yule alikuwa na sababu. Wazoefu wanashauri mdomo wa tela ubebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake likiwa limepakiwa. Tela la kilo 700 litue na kilo 35 hadi 49. Ukiwa mwepesi mno, mkia unaanza kucheza kwenye mteremko. Ukizidi, gari linalala nyuma, magurudumu ya mbele yanakosa mshiko, usukani unaelea mkononi. Nahodha wa jahazi anayepanga farumi angemwelewa mzee huyu bila tafsiri.

Si ajabu nilimkuta pande zile. Mji wa Isny hauko mbali, na huko ndiko mwaka 1931 Arist Dethleffs, mfanyabiashara wa kusafirisafiri, alikounda nyumba ya kuvutwa na gari ili mchumba wake Fridel, mchoraji, afuatane naye. Mwaka 1957, mjini Bad Waldsee, Erwin Hymer akamuundia mhandisi Erich Bachem karavani nyepesi, na jina Eriba likatokana na jina la Bachem. Kutoka ukoo huo akaja Puck, tela dogo la paa la kuinuliwa, lililovutwa hata na Volkswagen Beetle.

Beetle ya miaka ya 1960 yenye injini ya sisi 1200 ilikuwa na nguvu ya farasi 34 tu. Kwa gari kama hilo watu walipanda njia ya milimani ya Brenner, mita 1,370, kwenda kuota jua Italia. Dereva aliteremsha gia kabla mlima haujamdai. Kushuka, alishuka na gia ileile ambayo angepandia, breki akiigusa na kuiachia, maana breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Tela likiyumba, hakupigana na usukani wala hakukanyaga breki kwa hofu: alitoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka, akangoja. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mwili mzima unataka kufanya jambo, naye anauzuia.

Kisha kurudi nyuma. Kiganja chini ya usukani: unapotaka nyuma ya tela iende kulia, kiganja kiende kulia. Taratibu, kidogo kidogo, na mapema, kwa sababu tela dogo hugeuka upesi kuliko kubwa, na likishakunja shingo hakuna dawa ila kusogea mbele na kuanza upya. Nimewaona wazee wakiliingiza kati ya miti miwili kwa pumzi moja, mke amesimama nyuma na kuonyesha kwa kidole tu.

Uingereza ilikuwa ikiutahini ujuzi huo. Waliopata leseni ya gari kuanzia 1997 walipaswa kufanya mtihani wa pili kabla ya kuvuta tela kubwa: kurudi nyuma, kufungua, kufunga. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mtihani huo umefutwa, na leseni ya kawaida inatosha kwa tela la hadi kilo 3,500. Serikali ilitaka watahini wawapime madereva wa malori, waliokuwa haba. Sababu naielewa, hasara siisamehe.

Leo kuna vihisi vinavyokamata breki tela likiyumba, na mota za rimoti zinazoliegesha mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Vya kwanza vinaokoa maisha, sivibezi. Lakini karavani zimenenepa, zina bafu na kiyoyozi, magari ya kuzivuta yamenenepa nazo, na baadhi ya magari madogo ya umeme hayajaidhinishwa kuvuta chochote. Familia yenye gari la kawaida, ambayo zamani ingefika Italia na watoto wake na vyombo vyake, sasa inaambiwa inunue gari jingine kwanza.