As Bestas: mugini muzuri, lakini muzuri kwa nani?

Siku hizi kila mwenye kuchoka na mji anasema: naenda zangu ku mugini, hewa safi, tomate bila dawa. Kama nawe unawaza vile, angalia kwanza As Bestas, filme ya Rodrigo Sorogoyen ya 2022. Mwaka 2023 ilipata Goya ya filme bora ku Hispania na César ku Ufaransa.

Antoine na Olga, Wafaransa wawili, wanahamia Galicia, mu milima yenye misitu na nyumba tupu, kwani vijana walishatoka. Wanalima, wanauzisha ku soko, wanatengeneza nyumba za zamani bure ili watu warudie. Kisha kampuni ya mashine za upepo inaleta pesa, na wao wanakataa. Jirani zao, Xan na mdogo wake Lorenzo, walikuwa wanaingoja ile pesa ili watoke.

Sehemu yenye nguvu njo ile ya ku bare: Antoine na Xan wanakaa mbele ya chupa, na kamera haikimbii. Xan si mjinga. Antoine alichagua ule mlima. Yeye alizaliwa mu harufu ya ng'ombe na hakuna mtu alimuuliza kama anaipenda. Antoine anajibu kwamba pale ni kwake. Nani atamunyima? Lakini kura yake inafungia mwengine mlango. Siye ba agronome tulifundishwa kupenda udongo. Kozi ya kumusikiliza mwenye udongo ulimuchosha, sikuiona.

Halafu betri za gari zinatupwa mu kisima, risasi inaingia mu maji, mavuno yanakufa. (Kwa kweli risasi hukaa zaidi mu udongo na mu mizizi, mu tunda inafika kidogo. Lakini nani atanunua?) Kwa mkulima, ile ni kumuua mbele ya kumuua.

Penye sikubaliane na Sorogoyen ni nusu ya pili. Antoine akishakufa, filme inamufuata Olga, na Marina Foïs anaicheza vizuri sana, bila kelele. Ila Xan, mwenye alikuwa na maneno mazito vile, anabaki mnyama tu. Ile hesabu ya pesa, nani aondoke na nani abaki, inatupwa kando, na ni yenyewe iliyonifanya nikae mupaka mwisho.