Vekta na Kisichoonekana: Uhakiki wa Wastani wa Uhai Uliosalia kwa Vijenzi Jozi

Kwa kijenzi kimoja, wastani wa uhai uliosalia haubishaniwi: ni muda ambao kijenzi kilichokwisha kufikisha umri fulani kinatarajiwa kuendelea kufanya kazi. Ubishi huanza vijenzi vinapokuwa viwili na hatima zao zimefungamana, kama injini mbili za ndege au figo mbili za mtu mmoja. Buchanan na Singpurwalla (1977) walipendekeza namba moja, yaani wastani wa zao la muda uliosalia wa kijenzi cha kwanza na ule wa cha pili, kwa sharti kwamba vyote viwili vingali vizima. Arnold na Zahedi (1988) walishika njia ya vekta: kila kijenzi na wastani wake, chini ya sharti lilelile.

Njia ya vekta ina hoja zisizo haba. Zao la saa kwa saa hutoa saa za mraba, kizio ambacho fundi hana la kufanya nacho. Isitoshe, vekta ikijulikana kwa kila jozi ya umri, mgawanyo wote wa pamoja hupatikana. Zao halitoi dhamana hiyo. Hoja hii ya pili ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Ichukuliwe modeli ya Marshall na Olkin (1967), ambamo kila kijenzi kina mshtuko wake, na upo mshtuko wa tatu unaoviua vyote kwa pamoja. Katika jozi A, vijenzi havitegemeani na kila kimoja kina kiwango cha 1 kwa mwaka. Katika jozi B, mishtuko yote mitatu ina kiwango cha 0.5. Vijenzi vikiwa vimewashwa siku moja na vingali vizima, vekta husoma (1, 1) kwa A na (1, 1) kwa B, leo na siku yoyote ijayo. Ilhali katika B uwezekano wa vijenzi kufa kwa mpigo mmoja ni 1/3, na katika A ni sifuri. Kwa mwenye pampu ya akiba, tofauti hiyo ndiyo jambo lenyewe. Zao lililodharauliwa huiona: 1 kwa A, 4/3 kwa B.

Mtetezi wa vekta atajibu kwamba tofauti imo pale umri usipolingana. Ni kweli: katika B, umri wa pili ukizidi wa kwanza kwa mwaka 1, wastani wa cha kwanza huwa takriban 1.39. Lakini vijenzi vilivyowashwa pamoja havina umri usiolingana. Sharti hilo humtaka mtazamaji ajue kwamba cha pili ni kizima leo, huku habari zake za kijenzi cha kwanza zikiwa za mwaka jana. Dhamana ya vekta, basi, imejengwa juu ya mahali ambapo mkaguzi wa kawaida hasimami.

Modeli ya Freund (1961), ambamo kifo cha kimoja humwongezea mzigo mwenzake, huonesha pengo jingine. Viwango vikiwa 1 na cha aliyebaki kikiwa 2, vekta husema 0.75 vyote vikiwa vizima. Kimoja kikifa, aliyebaki ana 0.5, namba ambayo sharti la vekta haliruhusu itajwe.

Kwa vijenzi vilivyoanza pamoja, vekta iambatane na wastani wa muda hadi kifo cha kwanza na hadi cha mwisho: miaka 0.5 na 1.5 kwa A, 0.67 na 1.33 kwa B.